Uliza Ujibiwe: Nani ana haki ya kumsimamisha mwenye pikipiki kwenye njia za ufukweni?

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza na vitongoji vyake zimegusa jambo moja: pikipiki, magari ya porini na zile pikipiki za magurudumu manne zinazopita kwenye njia za waenda kwa miguu, juu ya vilima vya mawe na kando ya ziwa. Tumechagua saba. Nyingine zinauliza yale yale, kwa hiyo majibu haya yawafae wote walioandika.

Naishi Luchelele. Njia yetu ya kushuka ziwani hutumiwa na watoto, akina mama wanaofuata maji na watu wanaotembea jioni. Kila Jumamosi vijana huja na pikipiki na kuifanya uwanja wa mashindano. Wiki iliyopita mgambo alimshika mmoja akamtoza shilingi 20,000 mkononi. Kijana akasema mgambo hana mamlaka, mwenye mamlaka ni trafiki tu. Nani yuko sahihi? – Mama wa watoto wanne, Luchelele

Mama, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayozua ugomvi.

Watu huanza na chombo: hii ni pikipiki, basi ni kazi ya trafiki. Sheria huanza na ardhi. Gurudumu likiwa kwenye njia ya umma, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inafanya kazi, na msimamizi wake ni polisi. Likiingia hifadhi ya taifa, askari wa TANAPA ndiye mwenyeji. Likiingia msitu wa hifadhi, ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Likiingia ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ina sauti kupitia sheria zake ndogo. Likiingia shamba au kiwanja cha mtu, mwenye mali anaweza kumwambia atoke, na akikataa hilo linaweza kuwa kosa la kuingia kwa jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Polisi ndiye anayeweza kusimama kwenye ardhi zote hizo. Wengine kila mmoja ana mipaka yake.

Sasa mgambo. Si kweli kwamba hana mamlaka kabisa. Sheria ya mwaka 1975 ilimpa mwanamgambo aliye kazini nguvu ya kukamata, na marekebisho ya mwaka 1989 yakapanua jambo hilo hadi kwa walinzi wa jadi, sungusungu wakiwemo, ambao asili yao ni huku huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mgambo aliyetumwa na mtendaji kusimamia sheria ndogo ya halmashauri anaweza kumsimamisha kijana yule na kumpeleka kwa mtendaji au kituo cha polisi.

Asichoweza ni kuwa hakimu na mhasibu kwa wakati mmoja. Shilingi 20,000 mkononi si faini. Faini halali ina mambo matatu: kifungu cha sheria au sheria ndogo kilichovunjwa, kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (ile watu wanayoiita kontroo namba), na stakabadhi baada ya kulipa. Kimoja kikikosekana, aliyelipa ametoa fedha zake bure na kosa lake halijafutika. Tena kuna hasara nyingine kwenu wakazi: kijana aliyetozwa mkononi anaondoka akijua kwamba njia ile inanunulika, na Jumamosi ijayo atarudi akiwa na noti tayari mfukoni.

Nendeni ofisi ya kata mkaulize jambo moja tu: kuna sheria ndogo ya halmashauri ya jiji inayohusu vyombo vya moto kwenye njia hiyo? Ikiwepo, itakuwa na namba ya tangazo la Gazeti la Serikali. Waombeni muione. Isipokuwepo, mgambo hana cha kusimamia pale zaidi ya amani ya jumla, na kazi inabaki kwa polisi.

Mimi ni bodaboda wa Igombe. Trafiki alinikamata kwenye njia ya vumbi inayokwenda mwaloni, kunakoshushwa samaki, akaniandikia kosa la kutovaa kofia ngumu. Njia ile haina lami wala alama. Je, ni barabara? – Dereva, Igombe

Ni barabara, ndugu. Sheria haipimi barabara kwa lami wala kwa kibao. Njia ambayo umma unaitumia na chombo kinaweza kupita huko ni mahali pa trafiki kufanya kazi yake. Kofia ngumu, leseni ya daraja linalohusu pikipiki, bima na usajili vinatakiwa huko kama vinavyotakiwa Barabara ya Kenyatta. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, kwa hiyo angalia kiasi ulichoandikiwa. Na kama hukubali kosa, huna lazima ya kulipa. Una haki ya kupelekwa mahakamani ukajieleze.

Hili liwafikie pia wenye pikipiki za magurudumu manne. Nyingi huingizwa kwa ajili ya mashamba au hoteli na hazisajiliwi kwa matumizi ya barabarani. Chombo cha namna hiyo kisipite njia ya umma hata mita 200 za kutoka hoteli hadi ufukweni. Kibebwe kwenye pikapu. Kikimgonga mtu njiani bila usajili na bila bima, hasara ya matibabu inamwangukia mwenye chombo, na mara nyingi majeruhi anabaki mikono mitupu.

Tunasikia kuhusu "mita 60" kila siku. Je, mtu akiendesha pikipiki ndani ya mita 60 kutoka ziwani amevunja sheria? Na BMU wetu, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, wanaweza kumkamata? – Mwanakikundi cha usafi, Kayenze

Mita 60 zinatoka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinakataza ndani ya umbali huo shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto na mabwawa. Soma maneno hayo taratibu. Mvuvi aliyepita mara moja na pikipiki kupeleka dagaa sokoni hajajenga wala hajaharibu. Aliyechonga njia ya mashindano, akasawazisha mchanga, akakata matete ili wageni wapige misele kila wikiendi, huyo kifungu kinamhusu moja kwa moja.

Tofauti hiyo ina sababu. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali, lakini ukilowa gurudumu linazama na kuacha mfereji. Mvua inayofuata inatafuta mfereji ule, inaufuata, inauchimba. Baada ya misimu miwili mitatu unakuwa korongo linalobeba tope hadi ziwani. Kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufukwe ndiko sato huchimba viota vyake mchangani ili kuzaa. Tope na magurudumu vinafukia viota hivyo. Mafunjo na matete yanayochuja maji machafu ya mjini nayo hukatika. Wanaodhani mchanga ni mchanga tu wanakula mbegu ya samaki wao.

Anayesimamia kifungu hiki ni mkaguzi wa mazingira aliyeteuliwa kisheria, pamoja na afisa mazingira wa halmashauri. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi Mwanza, nayo inahusika na vyanzo vya maji. BMU wenu wanatokana na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Nguvu yao ni katika uvuvi: nyavu haramu, kokoro, samaki wachanga. Hawana mamlaka ya kumwandikia kosa mwenye pikipiki. Lakini wao ndio walio ufukweni alfajiri na usiku, kwa hiyo kumbukumbu zao ni za thamani: tarehe, saa, namba ya chombo, mahali. Daftari la doria la BMU lililoandikwa vizuri linaweza kumsaidia mkaguzi kuliko malalamiko kumi ya mdomo.

Ninaongoza wageni. Baadhi wanataka kuendesha wenyewe pikipiki Saanane, Rubya na upande wa Serengeti. Nani atatuzuia na wapi? – Mwongoza watalii, Capri Point

Saanane ni kisiwa na ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, yenye kilometa za mraba zisizofika tatu pamoja na maji yake. Unafika kwa boti na unatembea kwa miguu. Hakuna cha kuendesha.

Serengeti, kwa upande wetu wa ziwa, lango la karibu ni Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Pikipiki haziruhusiwi kuingia, na gari haliruhusiwi kuacha njia iliyowekwa. Anayekamata huko ni askari wa uhifadhi, na nguvu zake haziishii kukuonya: anaweza kukukamata bila hati na kukizuia chombo. Tangu mwaka 2020 askari wa TANAPA, TAWA (mamlaka ya wanyamapori nje ya hifadhi za taifa), TFS na Ngorongoro wako chini ya Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, kwa hiyo usishangae kuona vyeo na nidhamu za kijeshi. Wengi wao wamepitia chuo cha Pasiansi, hapa hapa Mwanza.

Rubya, kule Ukerewe, ni shamba la miti la TFS. Buhindi, upande wa Buchosa, vivyo hivyo. Humo unahitaji kibali kutoka ofisi ya shamba kabla ya kuingia na chombo kwa ajili ya burudani. Andika barua, taja idadi ya vyombo, tarehe, njia mtakayopita na jina la anayewajibika. Omba jibu la maandishi. "Tumeongea na mlinzi wa getini" si kibali, na mlinzi huyo akibadilishwa zamu mtakuwa wavamizi. Kiangazi mnaweza kukataliwa kabisa kwa hofu ya moto, kwa kuwa ekzosi ya moto juu ya nyasi kavu chini ya misonobari inatosha kuanzisha janga.

Kosa dogo katika hifadhi linaweza kumalizwa bila mahakama kwa njia inayoitwa kufifilisha kosa: unakiri kwa maandishi, unalipa kiasi kilichopangwa, unapewa stakabadhi ya serikali. Mgeni wenu asitie saini kwenye karatasi asiyoielewa. Mtafsirieni kwanza kwamba anakiri kosa.

Mdogo wangu anasoma Marekani. Anasema huko kuna njia maalumu za pikipiki msituni, na kuna hata watu wa kujitolea wanaozilinda. Huko nani anakamata? – Msomaji, Nyegezi

Kanuni ya ardhi inafanana na ya kwetu. Ardhi za serikali kuu huko zilipata utaratibu baada ya amri ya Rais Nixon ya mwaka 1972, namba 11644, iliyotaka kila idara itenge maeneo ambako vyombo hivyo vinaruhusiwa na ambako vimekatazwa. Mwaka 2005 idara ya misitu iliweka kanuni kwamba kila msitu wa taifa utoe ramani ya njia zinazoruhusiwa. Njia isiyo kwenye ramani imefungwa, hata kama haina kibao. Wanaosimamia ni maofisa wa idara yenyewe, pamoja na manaibu wa sherifu wa kaunti na maofisa wa uhifadhi wa jimbo, kila mmoja kwa sheria zake. Wa kujitolea hutengeneza njia, huweka vibao, huelimisha na kutoa taarifa. Kwa kujitolea kwao peke yake hawapati nguvu ya kuandika kosa.

Kitu kimoja cha kuazima kutoka huko ni ramani. Kwetu dereva husema hakujua, na mara nyingi anasema kweli, kwa sababu hakuna palipoandikwa.

Mtaa wetu Bwiru unataka kufunga njia ya kilimani kwa mawe. Wengine wanasema tufunge waya usiku ili wanaopita kwa kasi wajifunze. Tufanyeje? – Mjumbe wa kamati ya mtaa, Bwiru

Waya ondoeni kabisa katika mazungumzo yenu, pamoja na kamba, mbao zenye misumari na mashimo yaliyofunikwa. Waya uliofungwa kifuani au shingoni mwa mwendesha pikipiki usiku unaua. Atakayeufunga atajibu shtaka la kuua, na kamati iliyokaa kikao na kukubali itaitwa pamoja naye. Aliyepita anaweza kuwa kijana wa fujo. Anaweza pia kuwa bodaboda anayemkimbiza mama mjamzito Hospitali ya Sekou Toure.

Kuhusu mawe, kwanza hakikini kwamba njia ile si barabara iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ikiwa ni yao, kuifunga bila ridhaa yao ni kosa lenu, hata kama nia ni njema. Mtaa pia hauna uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hilo ni la halmashauri, ambayo hupitisha rasimu, huwatangazia wananchi watoe maoni, huipeleka kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kijiji kina nafasi zaidi: halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Kwa Bwiru, pelekeni muhtasari wa mkutano wa mtaa kwa mtendaji wa kata, ujadiliwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani aufikishe halmashauri. Ni safari ndefu, lakini kizuizi kisicho na sheria nyuma yake kitang'olewa na mtu wa kwanza mwenye gari kubwa, nanyi hamtakuwa na pa kushtaki.

Mkishapata ridhaa, fanyeni hesabu ya upana. Pikipiki ya kawaida ina usukani wa sentimita 75 hadi 80 hivi. Ya magurudumu manne ina mita 1 hadi 1.2. Bajaji ni kama mita 1.3, na gari dogo la porini ni zaidi ya mita 1.5. Mawe yaliyoachana sentimita 90 hadi mita 1 yanazuia gari, bajaji na nyingi za magurudumu manne, huku baiskeli na kiti cha magurudumu cha mlemavu vikipita. Pikipiki haizuiliki kwa nafasi hiyo. Anayewaambia pengo la mawe litaizuia pikipiki bila kumzuia mlemavu hajapima.

Kwa pikipiki tumieni vizuizi viwili vya bomba vinavyopishana, cha kwanza upande wa kushoto na cha pili upande wa kulia, kimo cha mita 1.2, umbali wa mita 1.5 kati yao. Mlemavu na mama mwenye mzigo kichwani wanageuka vizuri. Pikipiki ya urefu wa mita 2 inalazimika kusimama na kusukumwa kwa taabu. Haimalizi tatizo, ila inaua mwendo, na mwendo ndio unaovunja watoto miguu.

Zikeni kila jiwe theluthi moja ya kimo chake, la sivyo vijana wanne watalisukuma usiku mmoja. Bomba lichimbiwe sentimita 60 na lizungushiwe zege. Lipakeni rangi nyeupe na nyekundu lionekane kwa taa tangu mita 50. Upande mmoja wekeni kizuizi cha kufunguka kwa kufuli, nafasi ya mita 3.5, kwa ajili ya gari la zimamoto na la wagonjwa. Ufunguo mmoja ukae kwa mwenyekiti wa mtaa na mwingine kituo cha polisi.

Makosa mawili huharibu kazi yote. La kwanza ni kuacha ncha za kizuizi wazi: dereva anazunguka pembeni, anakanyaga majani, na sasa mna njia mbili badala ya moja. Ncha ziegemee mwamba, mtaro au mteremko mkali, na Bwiru miamba haikosekani. La pili ni kuweka mawe kwenye njia ya maji. Mvua ikishuka kilimani inagonga mawe, inahama, na inachimba ukuta wa jirani. Subirini mvua moja kubwa, mwone maji yanapita wapi, ndipo mchimbe.

Nimewahi kupeleka malalamiko kituoni mara mbili, nikaambiwa hakuna ushahidi. Ushahidi unaotakiwa ni upi? – Mwalimu, Ilemela

Mwalimu, namba ya usajili kwanza. Ya pikipiki huanza na herufi MC. Ikiandikwa pungufu tarakimu moja haina faida. Kama chombo hakina namba, andika hilo kuwa kosa la kwanza, kisha rangi, aina, na alama yoyote ya pekee.

Video fupi ya sekunde 20 inayoonyesha chombo, ardhi na kibao cha katazo katika picha moja inashinda video ya dakika tano ya vumbi. Isihaririwe, isiwekwe muziki, isirushwe mitandaoni kabla ya kuipeleka polisi. Acha faili la asili kwenye simu. Andika papo hapo tarehe, saa, mahali na mwelekeo aliokwenda. Tafuta shahidi mmoja aliye tayari kutaja jina lake. Usisimame mbele ya chombo kinachokwenda, wala usishike funguo za mtu. Raia ana nafasi finyu ya kukamata: kosa litendeke mbele ya macho yake, liwe miongoni mwa makosa yaliyotajwa na sheria, na aliyekamatwa akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Kumpiga au kumfungia chumbani kunakugeuza mshtakiwa. Hatari ikiwa ya wakati huo huo, piga 112.

Ukifika kituoni usiseme "wanatusumbua". Taja kosa: kuendesha kwa hatari, chombo kisicho na namba, kuingia eneo lililokatazwa. Omba RB, yaani taarifa yako iandikwe kwenye kitabu cha polisi, na uondoke na namba yake. Bila RB huna malalamiko, una mazungumzo. Rudi baada ya siku saba ukiwa na namba hiyo uulize jina la mpelelezi. Pasipo hatua, andika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa na kwa mtendaji wa kata, utaje RB na uambatishe picha mbili zilizochapishwa. Peleka nakala ya ziada igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo uiweke nyumbani.